Si Kila Ua la Petali Nne ni Haradali

Mwalimu akikosea mbele ya darasa, kosa lake halibaki darasani. Hutoka pamoja na watoto saa ya kwenda nyumbani, huingia jikoni, na pengine hutaka kutiwa chunguni. Nasema hivyo kwa sababu jambo hilo lilinipata mimi mwenyewe hapa Yahuma, tena kwa ajili ya maua madogo ya kando ya njia.

Somo la siku ile lilikuwa juu ya jamii za mimea. Daftari langu la zamani, nililoliandika nilipokuwa mwanafunzi seminarini, lilikuwa na mstari mmoja mfupi: ua lenye petali nne zilizopangwa kwa mfano wa msalaba ni la jamii ya haradali. Petali ni yale majani ya rangi yanayolipamba ua. Jamii hiyo wataalamu waliiita Cruciferae, neno la Kilatini lenye maana ya wachukuao msalaba. Siku hizi huitwa zaidi Brassicaceae, kwa jina la Kilatini la kabichi. Nikawaambia watoto kwamba humo imo haradali tuliyoisikia katika Injili, imo kabichi, imo figili, na kwamba mimea ya jamii hiyo kwa kawaida huliwa. Kisha nikawapa kazi. Kila mmoja alete kesho ua la jamii hiyo lililoota lenyewe, pasipo kupandwa na mtu.

Kesho yake meza yangu ilijaa. Mmoja alileta ua la manjano kutoka bondeni, mahali penye maji yaliyotuama. Wengine walileta kijiua cheupe, kidogo mno, cha mmea unaotambaa katika uwanja wa shule. Wengi walileta ua la zambarau linaloota chini ya michikichi. Kijana mmoja, ambaye hapendi kwenda mbali, alivunja tawi la kichaka chenye maua mekundu katika mahame yaliyo jirani na kwao. Yote yalikuwa na petali nne. Nikahesabu, nikafurahi, nikawapa alama.

Binti mmoja tu ndiye aliyeniudhi. Yeye alileta shina la kabichi ya Kichina kutoka shamba la mama yake, lile shina linalopanda juu mboga inapoachwa bila kuchumwa, lenye maua ya manjano kileleni. Nikamwambia, "Mwanangu, nilisema ua la mwituni, siyo mboga." Nikamwandikia sifuri. Hakujibu neno, alichukua shina lake akarudi kuketi.

Siku ya tatu kijana aliyeleta ua la bondeni akanyosha mkono. "Bwana Mwalimu," akasema, "mama amekataa kupika majani ya ua langu. Anauliza ni nani aliyesema kwamba yanalika." Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimewaambia kwamba jamii hii huliwa, nikawaambia kwamba ua hili ni la jamii hii. Mtoto alikuwa ameunganisha maneno yangu mawili kama nilivyomfundisha kuunganisha hesabu. Heri mama yule aliyekuwa na akili kuliko daftari langu.

Jioni nilichuma upya maua yale yale, nikaketi barazani na wembe na kioo cha kukuzia. Nikaanza na ua la bondeni. Petali zilikuwa nne, kweli. Lakini stameni, yaani zile nyuzi zinazosimama ndani ya ua zikiwa na unga wa chavua kichwani, zilikuwa nane. Tena kifuko cha mbegu hakikuwa ndani ya ua, bali chini yake, kirefu na chembamba, hata mtu angedhani ni kikonyo. Mmea huo wataalamu huuita Ludwigia, nao ni wa jamii nyingine kabisa. Kile kijiua cheupe cha uwanjani ni Oldenlandia. Petali zake si nne zilizoachana; zimeungana chini kama mrija na kugawanyika juu tu, stameni ni nne, na majani ya shina hukaa mawili mawili yakitazamana. Ni ndugu wa kahawa. Kichaka chekundu cha mahame kilikuwa Ixora, nacho ni ndugu wa kahawa vilevile, chenye mrija mrefu na majani yanayotazamana. Basi nilikuwa nimewagawia kahawa alama za haradali.

Mwishoni nikafungua ua la kabichi. Sitaficha, niliona haya. Chini kulikuwa na vijani vinne vya kuhifadhi ua, juu yake petali nne zilizoachana, kila moja ikiwa na kikonyo chembamba. Ndani kulikuwa na stameni sita, wala hazikulingana: nne ndefu zimesimama katikati, mbili fupi zimejitenga pembeni, moja huku na moja huku. Kifuko cha mbegu kilisimama katikati yao, juu ya mahali petali zinapoanzia. Hizo nne ndefu na mbili fupi ndizo alama kuu ya jamii hiyo. Carl Linnaeus wa Sweden, aliyeipanga mimea ya dunia katika kitabu chake cha mwaka 1753, aliziwekea mlango wake peke yake akauita Tetradynamia, kana kwamba kusema nguvu ya wale wanne.

Kwa hiyo katika darasa lote aliyeleta ua la kweli alikuwa yule binti mwenye sifuri.

Lilibaki ua la zambarau la chini ya michikichi, na hilo ndilo lililonihangaisha zaidi. Jani lake limegawanyika katika vijani vitatu. Petali ni nne, lakini hazifanyi msalaba. Zote zimeinamia upande mmoja wa juu, kama vidole vya mkono unaoaga. Stameni ni sita, ila hakuna zile mbili fupi zilizojitenga. Kifuko cha mbegu kiko juu, nacho hugeuka kuwa ganda refu jembamba linalofanana sana na la haradali. Kufanana na kutofanana vilikuwa karibu sawa, wala sikuthubutu kukata neno.

Nilipopata safari ya Kisangani nilipita Yangambi. Wasomaji wa upande wetu wanapajua mahali hapo ukingoni mwa mto, ambapo utafiti wa kilimo ulianzishwa mwaka 1933 na chama cha serikali ya wakati ule kilichoitwa INEAC, na ambapo mpaka leo imehifadhiwa mimea iliyokaushwa na kubandikwa juu ya karatasi, vielelezo vipatavyo 150,000. Nilikuwa nimelikausha ua langu ndani ya daftari. Jina lake, nikaelezwa, ni Cleome rutidosperma, nalo ni la jamii ya Cleomaceae: siyo haradali, bali ni binamu wa haradali.

Binamu huyo ana habari zake. Asili yake ni pande hizi zetu za Afrika ya Magharibi na ya Kati, lakini leo limeenea mpaka Asia na Amerika kama magugu ya mashamba. Mbegu zake zina kipande kidogo cheupe chenye mafuta. Sisimizi huipenda, huibeba mbegu mpaka shimoni mwao, hula kipande kile na kuiacha mbegu ikiwa tayari imepandwa.

Lakini ndugu yake anajulikana zaidi kwa Waswahili, nao ni mgagani, ambao kwa kitaalamu huitwa Cleome gynandra. Watu wa Rwanda na Burundi huuita isogi, Waganda jjobyo, Wakisii wa Kenya chinsaga, na kote huko ni mboga ya heshima, yenye uchungu kidogo, ambayo wengi huipunguza ukali kwa maziwa. Mgagani si vigumu kuutenga na ndugu yake wa zambarau. Husimama wima, vijani vya jani lake mara nyingi ni vitano vilivyotandazwa kama vidole, shina lina vinywele vinavyonata, na maua ni meupe au yenye wekundu kidogo. Tena litazame ua lake kwa makini. Stameni hazianzii pale petali zinapoanzia. Huota juu zaidi, katikati ya kijiti kirefu, kana kwamba ua limepandishwa ngazi. Hakuna haradali yoyote iliyo na ngazi hiyo.

Haya, mtu asione haya mno kwa kuwachanganya binamu hawa na haradali. Linnaeus mwenyewe aliitia Cleome katika mlango ule ule wa Tetradynamia. Waliomfuata waliitoa, wakaiweka pamoja na jamii ya vichaka vya kapari. Mwaka 1998 kundi la wataalamu waliokuwa wakilinganisha chembe za urithi lilizikusanya zote tatu, haradali, mgagani na kapari, katika jamii moja. Kufikia mwaka 2009 zilikuwa zimetenganishwa tena kuwa tatu, na mgagani ukaonekana kuwa karibu zaidi na haradali kuliko na kapari. Ikiwa wakubwa wamebishana hivyo kwa zaidi ya miaka mia mbili, mtoto wa Yahuma anaruhusiwa kuuliza.

Njia iliyo rahisi ya kuzitenga ni kungoja ganda likauke. Ganda la haradali lina vibao viwili. Vikianguka, hubaki fremu nyembamba, na ndani ya fremu kiwambo cheupe kinachong'aa, kama kioo cha dirisha dogo, na mbegu zimeshika ukingoni. Ganda la mgagani na la ndugu zake hufunguka pia kwa vibao viwili na kuacha fremu, lakini ndani ya fremu hamna kiwambo. Ni tundu tupu.

Mtu atasema: mbona usinuse tu? Ni kweli, jani la haradali likifikichwa hutoa ukali unaopanda puani. Ndani ya jani zimo dawa mbili zilizotengwa vyumba mbalimbali. Mdudu akitafuna, au mpishi akikata, kuta huvunjika, dawa hukutana, na ukali huzaliwa papo hapo. Lakini harufu hiyo ni ya ukoo mpana. Mgagani unayo. Mlonge unayo. Hata mbegu za papai, tuzitupazo kila siku, zitafune mbili tatu utajua, zinawasha kama haradali, kwa kuwa mpapai nao ni wa ukoo ule wa mbali. Pua itakupeleka mpaka kijijini kwao, lakini haitakuonyesha mlango wa nyumba.

Na kwa nini nijisumbue hivyo kwa maua yasiyouzwa sokoni? Nitaeleza habari ya Delhi. Uko mmea wenye asili ya Amerika ya Kati, uitwao Argemone mexicana, ambao sasa huota kando ya barabara na mashambani katika nchi nyingi za joto, Tanzania na Kenya zikiwemo. Majani yake yana miiba na mishipa myeupe, ukilivunja shina hutoka utomvu wa manjano, na ua lake la manjano lina petali nne mpaka sita na stameni nyingi zisizohesabika kwa haraka. Mmea wenyewe haufanani na haradali hata kwa mtu mwenye usingizi. Lakini mbegu zake, ndogo, nyeusi na za mviringo, zikimwagwa katika gunia la haradali hazionekani. Mwaka 1998 mafuta ya haradali yaliyochanganyika na mafuta ya mbegu hizo yaliuzwa katika mji wa Delhi, India. Watu walivimba miguu, wakakosa pumzi, mioyo yao ikadhoofika. Waliolazwa hospitalini walizidi 3,000, na waliokufa walizidi 60. Kila mmoja wao alikuwa amekula chakula cha kawaida cha nyumbani kwake.

Sasa niliombwa na watoto niwaonyeshe haradali ya mwituni ya kweli, ile isiyopandwa. Hapo mwalimu wa Yahuma hana la kuonyesha ila vidole vyake akielekeza mashariki. Msitu wetu hauachi majani yake yote kwa wakati mmoja. Chini yake kuna giza mwaka mzima, na joto halipungui sana. Jamii ya haradali hupenda baridi. Anayetaka kuiona porini kivulini apande milima ya Kivu, au Rwenzori, au Kilimanjaro, mahali ukungu unapolala juu ya miti. Huko, kandokando ya vijito, huota jenasi iitwayo Cardamine, nayo ina ndugu wanaotatanisha kweli.

Mkubwa wa kivulini ni Cardamine africana. Jani lake lina vijani vitatu vyenye meno ukingoni, na ua lake ni jeupe. Mwone mwenzake Cardamine trichocarpa, nduguye wa mwaka mmoja tu: vijani vyake hupangwa pande mbili za kikonyo kama unyoya, na petali ni ndogo sana, pengine hazipo kabisa. Jina lake lina maana ya tunda lenye nywele, na mara nyingi ganda lake linazo. Juu zaidi, mahali miti inapokwisha, yupo Cardamine obliqua, mwenye majani ya unyoya vilevile lakini maua makubwa zaidi. Yupo tena Cardamine hirsuta, gugu dogo linalozunguka dunia, ambalo mara nyingi lina stameni nne tu badala ya sita. Naomba msomaji asikasirike. Nimetoka kumwambia kwamba stameni sita ndizo alama kuu, na sasa namletea wa nne. Hivyo ndivyo mimea ilivyo. Ndiyo maana alama moja haitoshi kuhukumu, na lazima kuangalia jani, ua na ganda kwa pamoja. Ganda la Cardamine lina mchezo wake pia: likikauka, ukiligusa, vibao vyake hujikunja ghafula na kuzirusha mbegu mbali.

Jenasi hiyo hiyo imo katika misitu ya Amerika ya Kaskazini, nako kuna habari ya kusikitisha kidogo. Miti ya huko hupukutisha majani yote wakati wa baridi. Baridi inapoanza kuondoka, mwezi wa Machi mpaka Mei, jua hufika chini kwa majuma machache kabla majani mapya hayajaziba, na maua ya msituni hufanya haraka kuchanua, kuzaa na kulala tena. Miongoni mwao zimo Cardamine ambazo zamani ziliitwa Dentaria, kwa maana ya meno, kwa sababu mizizi yake minene ina vinundu kama magego. Cardamine diphylla ina majani mawili karibu ya kutazamana, kila moja likiwa na vijani vitatu vipana. Cardamine concatenata kwa kawaida ina matatu yanayolizunguka shina, yaliyochanika kwa vipande vyembamba. Maua yake ni meupe yote mawili, hivyo anayetazama ua tu hatazitenga, atazame majani.

Juu ya mimea hiyo hutaga mayai kipepeo mweupe aitwaye Pieris virginiensis. Yeye hatazami majani sana. Huongozwa na ile dawa kali ya haradali. Kwa maelfu ya miaka haikumdhuru. Kisha walowezi kutoka Ulaya wakaleta mmea mwingine wa jamii ile ile, wenye harufu ya kitunguu saumu, Alliaria petiolata, ambao uliandikwa kwa mara ya kwanza huko Long Island, New York, mwaka 1868. Ukaenea misituni. Kipepeo husikia harufu ya ukoo anaoujua, hutaga mayai yake, huondoka. Viwavi hutoka, hula, na kufa. Mama hakukosea ukoo. Alikosea mtu wa ukoo.

Nilirudi darasani na maua yote, nikaeleza kosa langu tangu mwanzo. Watoto walipenda sana sehemu hiyo, kama watoto wote. Alama za Ludwigia, Oldenlandia na Ixora sikuzifuta, maana aliyekosea alikuwa mimi, siyo wao. Lakini niliandika pembeni jina la kweli la kila mmea. Kwa walioleta ua la zambarau niliandika "binamu". Na sifuri ya yule binti niliifuta mbele ya wote, nikaweka kumi.

Yeye alikuwa amekuja na shina jingine kutoka shamba lile lile, safari hii likiwa limekauka. Nikamwomba afungue ganda. Akalibana kwa kucha, vibao viwili vikaanguka mezani, kikabaki kile kiwambo, akakiinua dirishani mpaka mwanga ukapita ndani yake. Wenzake wakasongamana kuona. Mbegu hakumpa mtu hata moja. Alizikusanya moja moja, akazifunga katika kipande cha karatasi, kwa kuwa mama yake alikuwa amezihesabia tuta jipya.